Mlevi Aliyetafuta Mlevi Mwenzake

Mama mmoja wa Vihingo, katika wilaya ya Kisarawe, ametuuliza swali ambalo limetukaa moyoni siku nyingi. Mwanawe alianza kunywa tembo la mnazi angali kijana, na tembo lilipokuwa halimtoshi tena akahamia kwenye gongo. Sasa yeye mwenyewe, pasipo kusukumwa na mtu, amesema ataka kuacha. Siku nne hakunywa. Siku ya tano akanywa, akalia. Mama huyo amesikia kwamba mjini Dar es Salaam wako watu walioacha ulevi ambao hukutana kila juma na kusaidiana, lakini nauli ya kwenda na kurudi kila juma hana, na njia yenyewe yapita mbele ya vilabu vingi. Ataka kujua kama huko kwao watu wa namna hiyo wapo.

Hatukuwa na jibu siku ile, nasi twaona aibu kusema hivyo. Lakini tangu hapo tumekuwa tukifikiri juu ya maisha ya mtu mmoja wa Marekani, ambaye siku moja alijiuliza swali lile lile la mama huyu, naye yu mahali asipomjua mtu hata mmoja. Jina lake ni William Wilson. Rafiki zake walimwita Bill.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont, nchi ya milima na machimbo ya mawe meupe. Alizaliwa katika nyumba ya wageni ya jamaa zake, ndani ya chumba kilichokuwa nyuma tu ya baa. Babu yake mzaa baba alikuwa mlevi aliyeacha pombe baada ya kusali peke yake mlimani, wala hakunywa tena mpaka kufa. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka kama kumi, wazazi wake waliachana. Baba akaenda zake mbali, mama akaenda mjini Boston kusoma, naye pamoja na dada yake wakabaki kwa babu na bibi wazaa mama. Alipokaribia miaka kumi na saba, msichana aliyempenda alifariki baada ya kupasuliwa hospitalini, na kijana akazama katika huzuni ambayo haikumwacha upesi. Twayataja haya kwa sababu watu wengi hudhani mlevi huzaliwa katika starehe. Walevi wengi tuliowajua sisi walikuwa na msiba nyuma yao, ambao hakuna aliyepata kuuliza habari zake.

Katika mwaka 1917 alikuwa afisa kijana wa jeshi, mwenye haya sana mbele ya watu. Katika karamu moja alipewa glasi ya kwanza, haya ikamtoka, akaona kwamba sasa amekuwa mtu kamili. Tarehe 24 Januari 1918 alimwoa Lois Burnham, binti wa daktari wa Brooklyn, kisha akavuka bahari kwenda vitani Ulaya. Aliporudi alisoma sheria, lakini ulevi ukamnyima shahada. Akaingia katika biashara ya hisa mjini New York, akapata fedha nyingi, akanywa nyingi. Soko la hisa lilipoanguka katika Oktoba 1929, fedha zikaisha na pombe ikabaki. Mume na mke wakaenda kukaa katika nyumba ya baba mkwe, mke akafanya kazi dukani kwa mshahara mdogo, na mume akabaki nyumbani akinywa jini.

Katika Biblia ya nyumbani kwao Bill alikuwa akimwandikia mkewe ahadi za kuacha pombe, akiweka na tarehe. Iko ya mwaka 1928, ikafuata nyingine mwaka ule ule, nyingine mwaka 1929, na nyingine tena mwaka 1930. Sisi mapadre twazijua ahadi za namna hii. Mara ngapi mtu ametujia mlangoni mwa sakristia, harufu ya jana ingali kinywani mwake, akaapa, nasi tukambariki na kumwacha aende peke yake mpaka njia panda palipo na kilabu! Kisha alipoanguka tukamwita mwongo. Bill hakuwa mwongo. Alipoandika alitaka kweli kweli kuacha, wala Lois hakuwa na shaka juu ya nia yake.

Kati ya mwaka 1933 na 1934 alilazwa mara nne katika hospitali ya Towns mjini New York, iliyokuwa ikitunza walevi. Huko alikuwako daktari mpole, William Silkworth, ambaye alifundisha jambo lililokuwa geni kwa watu wengi wa siku zile: kwamba ulevi ni ugonjwa, maana mwili wa mlevi haupokei pombe kama miili ya wengine, na akili yake humrudisha kwenye glasi ya kwanza hata akijua itamwua. Katika Novemba 1934 rafiki yake wa zamani, Ebby Thacher, naye mlevi mkubwa, alifika nyumbani kwake. Bill alifurahi, akaweka jini mezani. Rafiki akaikataa. Alikuwa ameacha kwa msaada wa kundi moja la Waprotestanti lililoitwa Oxford Group, akaja kumweleza mwenzake jinsi alivyoacha, bila kumsukuma, kisha akaenda zake.

Tarehe 11 Desemba 1934 Bill aliingia hospitali kwa mara ya mwisho. Akiwa kitandani, amekata tamaa kabisa, alimlilia Mungu ambaye hakuwa na hakika kama yupo, na kwa maelezo yake mwenyewe chumba kilijaa nuru naye akajaa amani. Hatutaki kupima hapa nuru ile ilikuwa nini. Yatosha kusema kwamba hakunywa tena hata tone.

Wengi wakisimulia maisha yake huishia hapo, kana kwamba kazi ilikwisha usiku ule. Sisi twaona kwamba jambo kubwa lilikuwa bado. Kwa muda wa miezi mitano iliyofuata Bill alizunguka New York akiwahubiria walevi, akiwaingiza hata nyumbani mwa mkewe, akiwasimulia habari za ile nuru. Hakufanikiwa kumgeuza hata mmoja. Alipolalamika, Lois alimwonyesha jambo ambalo hakuwa ameliona: katika kundi lote hilo, mtu mmoja alikuwa hajanywa, naye ni yeye Bill. Daktari Silkworth naye akamshauri apunguze mahubiri, aanze kwa kuwaeleza wenzake ugonjwa wenyewe kama alivyoupata yeye.

Katika Mei 1935 alisafiri kwenda Akron, mji wa viwanda vya mipira ya magari katika jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara. Shughuli ikaharibika. Wenzake wakarudi New York, naye akabaki peke yake katika Hoteli ya Mayflower, mfukoni dola kama kumi tu, siku ya Jumamosi jioni. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa, na sauti za watu wenye furaha zilimfikia. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Alijua kwamba akiingia pale baa amekwisha. Alijua pia, kwa sababu ya miezi ile mitano, kwamba kilichomhifadhi ni kusema na mlevi mwenziwe. Basi, alihitaji mlevi, tena upesi, na katika mji ule hakumjua hata mmoja.

Wasomaji wetu na waangalie alivyofanya. Hakuulizia chama, kwa kuwa hakikuwapo. Wala hakuna hospitali katika mji ule iliyojulikana kwa kazi hiyo. Alichagua jina moja katika orodha ile, la mchungaji Walter Tunks wa kanisa la Kiepiskopali, akampigia simu, akamweleza bila kuficha kwamba yeye ni mlevi aliyeacha na kwamba amtafuta mlevi mwingine wa kusema naye. Mtu mwingine angeikata simu. Mchungaji yule akampa majina ya watu, Bill akayapiga moja moja, wengine hawakupatikana, wengine hawakuweza, mpaka akafika kwa mwanamke aliyeitwa Henrietta Seiberling. Mama huyo kwa muda mrefu alikuwa akimwombea daktari mmoja mpasuaji aliyekuwa akiangamia kwa pombe. Alipoisikia sauti ya mgeni, aliona sala yake imejibiwa.

Daktari huyo, Robert Smith, hakuweza kuja siku ile. Alikuwa amelewa chakari na kulala. Kesho yake, Jumapili tarehe 12 Mei, alikuja akitetemeka, na kwanza akamwarifu mkewe kwamba atakaa dakika kumi na tano tu. Aliingia chumbani na mgeni saa kumi na moja jioni, wakatoka baada ya saa tano usiku. Daktari alikuwa amekwisha kusikia mawaidha ya kila namna kutoka kwa watu wema. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kusema naye juu ya ulevi akiujua kwa kuupitia. Tena mgeni hakuja kumwokoa, bali alikiri wazi kwamba yeye ndiye mwenye haja.

Si kwamba mambo yalinyooka tangu hapo. Bill alihamia nyumbani kwa daktari, wakakaa pamoja, na baada ya majuma machache daktari alikwenda kwenye mkutano wa madaktari huko Atlantic City, akanywa njia nzima, akarudi hajitambui. Siku tatu baadaye alikuwa na mgonjwa wa kupasua. Asubuhi ya tarehe 10 Juni 1935 Bill mwenyewe alimpa chupa moja ya bia ya kuzimua ili mikono isitetemeke, akamfikisha hospitali. Upasuaji ulikwenda vema. Daktari hakuonekana nyumbani kwa saa nyingi, wakaogopa. Kumbe alikuwa akizunguka mjini kuwaomba radhi aliowakosea na aliowakopa. Chupa ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho maishani mwake, na siku ile ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama ambacho leo chajulikana kwa herufi mbili tu, A.A., yaani walevi wasiotajwa majina. Wanachama walikuwa wawili. Mwezi ule ule wakaenda hospitalini kumtafuta wa tatu, mwanasheria aliyefungwa kitandani kwa sababu aliwapiga wauguzi, naye akasimama.

Sasa twamrudia mama wa Vihingo. Tukipima kwa mizani ya Akron, jibu la swali lake ni kwamba watu hao huenda bado hawajakutana, lakini wapo. Katika kata yenye minazi na mikorosho, ambamo tembo hugemwa kila siku, hakosi kuwapo mzee mmoja aliyeacha zamani, fundi au mkulima, ambaye majirani wamesahau kwamba alipata kulala mtaroni. Huyo ndiye wa kutafutwa. Kama ni Mwislamu na kijana ni Mkristo, wala isiwe kizuizi. Kwa watu wa Pwani ambao dini yao yakataza pombe kabisa, aibu ya mlevi huwa kubwa zaidi, na haja ya mtu wa kusema naye huwa kubwa vile vile. Paroko aulizwe, na imamu aulizwe, kama vile mchungaji wa Akron alivyoulizwa, kwa maana viongozi wa dini hujua siri za kijiji. Mganga wa zahanati naye aulizwe, tena huyo aulizwe kabla ya wote, kwa sababu mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikata pombe ghafla aweza kushikwa na kifafa, kutetemeka na kuona mambo yasiyokuwapo, hata kufa. Siku za kwanza zahitaji macho ya tabibu.

Mjini Dar es Salaam mikutano ya A.A. ipo, kama ilivyo Nairobi. Na kwa wale walioshikwa na dawa za kulevya zimeanzishwa nyumba za upataji nafuu Unguja, Dar es Salaam na Bagamoyo, ambazo nyingi zafuata njia ile ile. Safari moja ya kwenda mjini kuuona mkutano ulivyo ingefaa, hata kama ya pili haitawezekana. Hakuna kiingilio, hakuna karatasi ya kujaza, wala hakuna anayeulizwa ukoo wake. Mtu husimama, akasema alivyokuwa, lililomtokea na alivyo sasa, wengine wakasikiliza. Asiyetaka kusema hunyamaza. Nambari ya simu ya mtu mmoja tu anayeweza kuamshwa usiku tamaa inapokuja, yafaa kuliko mihadhara mingi, nasi twasema hivi tukiwa watoa mihadhara.

Wazazi Wakatoliki wataka kujua kama mambo haya yapatana na imani yetu. Swali hili si jipya. Mwanzoni wale walevi wa Akron na Cleveland walikuwa wakikutana ndani ya Oxford Group, na Wakatoliki miongoni mwao walipata taabu, kwa kuwa lile lilikuwa kundi la ibada ya Kiprotestanti lenye desturi ya kuungama hadharani. Katika Mei 1939 wale wa Cleveland walijitenga, wakafanya mkutano wao wenyewe kwa jina la A.A., jina lililotoka katika kitabu ambacho Bill na wenzake walikuwa wamekichapa mwezi uliotangulia. Ndani ya kitabu hicho zimo hatua kumi na mbili: kukiri kwamba umeshindwa, kumtegemea Mungu kwa kadiri unavyomjua, kuchunguza maisha yako na kumfunulia mtu mwingine, kulipa uliyowadhulumu, na mwishoni kumpelekea mlevi mwingine habari hii.

Katika mwaka huo huo Daktari Smith alifanya shauri na mtawa mmoja wa Akron, Sista Ignatia, mzaliwa wa Ireland, aliyekuwa mwandikishaji wa wagonjwa katika Hospitali ya Mtakatifu Tomaso. Hospitali za siku zile hazikutaka walevi. Sista alimwingiza wa kwanza kwa jina la ugonjwa wa tumbo, akamficha katika chumba kidogo cha kutengenezea maua ya wagonjwa. Mpaka daktari alipofariki tarehe 16 Novemba 1950, wawili hao walikuwa wamewatunza walevi karibu 5,000. Kila aliyetoka alipewa na Sista medali ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kwa sharti moja: akitaka kunywa, kwanza airudishe mkononi mwake. Twadhani shauri hili lafaa kuigwa na masista wetu bila kubadilisha hata kidogo.

Na katika usiku mmoja wa mvua, mwishoni mwa mwaka 1940, padre mmoja Mjesuiti kutoka St. Louis, Edward Dowling, aliyechechemea kwa ugonjwa wa viungo, alimfikia Bill mjini New York. Bill alikuwa amechoka na kukata tamaa, akadhani mgeni ni mlevi mwingine aliyekuja kuomba. Padre alitaka kujua kama zile hatua zilitolewa katika Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi, kwa jinsi alivyoziona kufanana. Bill hakuwa hata na habari za kitabu hicho. Usiku ule alimfungulia padre moyo wake wote, nao wakawa marafiki mpaka padre alipofariki mwaka 1960. Bill alipata kufundishwa dini na Monsinyori Fulton Sheen, lakini hakuwa Mkatoliki, wala hatuna sababu ya kumfanya awe. Mkatoliki aingiapo katika mikutano hii hapotezi kitu. Na ajue tu kwamba mkutano haukai mahali pa Kitubio, kama vile Kitubio hakikai mahali pa mkutano.

Twataka kusema neno juu ya Lois, kwa maana aliyetuuliza ni mama, si mlevi. Miaka kumi na saba alikuwa amemwombea mumewe aache pombe. Alipoacha, kila jioni alikwenda kwa walevi wenziwe, na mke akabaki na uchungu asioweza kuueleza. Jumapili moja mume alimhimiza wafanye haraka wasichelewe mkutano, naye akamrushia kiatu. Kiatu kile kilimshangaza Lois mwenyewe kuliko kilivyomshangaza mume. Aligundua kwamba naye ameugua kwa miaka yote hiyo. Katika mwaka 1951 alianzisha pamoja na wanawake wenziwe mikutano ya jamaa za walevi, iitwayo Al-Anon, ambayo ipo hata sasa katika nchi nyingi. Mama wa Vihingo naye ana haki ya kupata mwenziwe wa kulia naye, hata kama mwanawe hataacha.

Bill hakuwa mtakatifu, nasi hatumwandiki kama mtakatifu. Alimpa Lois huzuni nyingine hata baada ya kuacha pombe. Tangu mwaka 1944 alishikwa na unyonge wa moyo uliodumu kama miaka kumi na mmoja, akiwa ndiye kiongozi ambaye maelfu walimtazamia. Alivuta sigara mpaka mapafu yakaharibika. Lakini Chuo Kikuu cha Yale kilipotaka kumpa shahada ya heshima mwaka 1954, aliikataa, asije akajifanya mkubwa wa chama kisicho na wakubwa. Na mwaka uliofuata aliukabidhi uongozi mikononi mwa wanachama.

Katika majuma yake ya mwisho, akipumua kwa mtungi wa hewa, waliomwuguza waliandika kwamba aliomba apewe whisky, si mara moja tu. Miaka thelathini na sita ilikuwa imepita. Hakupewa. Alifariki mjini Miami tarehe 24 Januari 1971, siku ile ile aliyomwoa Lois. Ardhi ya Vermont ilikuwa imeganda kwa baridi, ikabidi mwili ungoje mpaka Mei ndipo uzikwe East Dorset. Juu ya jiwe la kaburi limeandikwa jina lake na utumishi wake wa jeshi. Habari ya A.A. haimo. Wageni wafikapo huacha hapo medali ndogo zenye hesabu ya siku au miaka ambayo hawajanywa.